Kasha la Kichujio cha Hewa na Swali la Hataza

Kasha la kichujio cha hewa ni lile boksi la plastiki au la bati linalokaa chini ya boneti ya gari, lenye mdomo wa kuvutia hewa upande mmoja, bomba la kuipeleka kwenye injini upande wa pili, na kichujio cha karatasi ya mikunjo katikati. Kwa macho ni kitu cha kawaida, lakini mzigo wake ni mkubwa. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili kuunguza sawasawa kilo moja ya mafuta. Injini ya lita 2 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, dereva akiwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho, humeza karibu lita 3,000 za hewa kila dakika. Kwenye barabara ya vumbi hewa hiyo huja na chembe za mchanga wa kwatzi, ambao ni mgumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zikipita, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda mpaka injini ianze kula oili na kutoa moshi.

Ndiyo maana kifaa hiki hakijaacha kubuniwa upya tangu magari na matrekta yalipoanza kuenea. Mwaka 1915 Frank Donaldson, aliyekuwa akiuza matrekta nchini Marekani, aliunda chombo cha kusafisha hewa ya injini baada ya kuona matrekta ya wateja yakiuawa na vumbi, na kampuni yenye jina lake inatengeneza vichujio hadi leo. Tangu wakati huo kumekuja makasha yenye bafu ya oili, makasha yanayozungusha hewa ili vumbi zito litupwe pembeni kabla ya kufika kwenye karatasi, vali za mpira zinazotema vumbi chini, na vichujio vya pili vya usalama ndani ya vile vya kwanza. Mtu anayebuni kasha jipya leo, awe mhandisi wa kiwandani au fundi wa karakana, anaingia katika uwanja uliokwisha kulimwa kwa zaidi ya miaka 100. Hapo ndipo ugumu wa tathmini ulipo.

Hataza ni haki inayotolewa na dola kwa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasiuze wala wasitumie uvumbuzi wake kwa muda fulani, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Mvumbuzi naye hulipa kwa kuueleza uvumbuzi wake waziwazi, kiasi kwamba mtaalamu wa fani hiyo anaweza kuutengeneza kwa kusoma tu. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, katika kifungu cha 27, umeweka masharti matatu ambayo karibu kila nchi inayafuata: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika katika uzalishaji. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 imejengwa juu ya misingi hiyo hiyo, na vivyo hivyo Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987, ambayo husimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni.

Sharti la matumizi halisumbui. Kasha ni kitu cha mkono, linatengenezwa kwa mashine, linauzwa na kufungwa kwenye gari. Wala halimo katika orodha ya vitu vilivyonyimwa hataza, kama nadharia za kisayansi na kanuni za hisabati. Mtahini wa ofisi ya hataza hupita hapo haraka. Masharti mawili yaliyobaki ndiyo yanayoamua.

Kabla ya kuyafikia, kazi ya kwanza ni kulivunja kasha vipande vipande kwenye karatasi. Wabunifu wengi huona kazi yao kama kitu kimoja kizima, na wakiulizwa kipya ni kipi hujibu kwamba ni kasha lote. Jibu hilo halimsaidii mtu. Tuseme kuna kasha lenye mambo matatu: mdomo uliopindwa ili hewa iingie ikizunguka, ulimi wa mpira chini wa kutolea vumbi, na kifuniko chenye ukingo ulioinama ambao, klipu zikifungwa, hukisukuma kichujio kwa ubavu ili mpira wake wa kuziba ubanane na ukuta wa kasha. Mbunifu anadai kwamba kifuniko hicho hakifungiki kichujio kikiwa kimekaa upande au kikiwa hakimo kabisa. Mambo mawili ya kwanza ni ya zamani mno. Mashine za ujenzi na matrekta zimekuwa nayo kwa miongo mingi, na hakuna ofisi itakayoyahesabu kuwa mapya yakisimama peke yake. Tathmini yote inahamia kwenye kifuniko.

Upya hupimwa dhidi ya kila kitu kilichowahi kuwekwa hadharani kabla ya tarehe ya maombi, popote duniani, kwa lugha yoyote: hataza za kale, katalogi za vipuri, vitabu vya matengenezo, makala, video, na bidhaa zenyewe zilizokwisha kuuzwa. Kanuni yake ni kali lakini ni nyepesi kueleweka. Uvumbuzi hupoteza upya pale tu chanzo kimoja kinapokuwa na kila sifa iliyodaiwa. Kama hataza moja ya mwaka 1978 ingekuwa na kifuniko kama hicho chenye ukingo, mwinamo na klipu zilezile, upya umekufa hata kama hakuna aliyewahi kulitengeneza kasha lake. Kama ukingo umo katika hati moja na mwinamo katika nyingine, kasha bado ni jipya, na mjadala unaendelea kwenye sharti linalofuata.

Utafutaji wa hati hizo sasa hauhitaji safari. Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, Patentscope ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani na Google Patents ziko wazi bila malipo. Kosa la kawaida ni kutafuta kwa maneno pekee, kwa sababu mwandishi mmoja husema kasha, mwingine chombo, mwingine mkusanyiko wa kusafisha hewa. Dawa yake ni namba za uainishaji. Visafishaji vya hewa ya injini viko katika kundi F02M 35, na vichujio vya kuondoa chembe katika hewa na gesi kwa jumla viko B01D 46. Anayefungua makundi hayo na kupitia michoro, maana katika fani ya mitambo mchoro husema zaidi ya maandishi, ataona baada ya saa chache jinsi uwanja ulivyojaa. Wazo la kifuniko kinachokataa kufungika bila kichujio sahihi limo katika hataza zilizokwisha kutolewa kwa watengenezaji wakubwa wa vichujio. Mbunifu anayeligundua hilo mapema amepata faida, kwa kuwa sasa anajua kwamba kipya chake ni chembamba zaidi ya alivyodhani: si kukataa kufungika, bali namna mwinamo unavyogeuza mwendo wa klipu wa kushuka chini kuwa msukumo wa ubavuni juu ya mpira wa kuziba.

Sharti la hatua ya kivumbuzi ndilo huangusha makasha mengi. Haitoshi kitu kiwe kipya. Lazima pia kisiwe dhahiri kwa mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo. Mtaalamu huyo ni mtu wa kufikirika. Hapa atakuwa msanifu wa mifumo ya kuingiza hewa kwenye injini, anayejua hati zote zilizotangulia, mwenye stadi za kawaida za kiwandani. Swali ni kama yeye, akikabiliwa na tatizo lilelile, angefika kwenye jibu lilelile bila kuhitaji zaidi ya ujuzi wake wa kila siku.

Mahakama Kuu ya Marekani imelieleza sharti hili kwa kesi zinazofanana sana na kasha la kichujio, kwa sababu zilihusu vipuri vya chuma vya kawaida. Katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere, iliyoamuliwa tarehe 21 Februari 1966, ubishi ulikuwa juu ya kibano cha jembe la trekta kwa ajili ya ardhi yenye mawe. Mvumbuzi alikuwa amehamisha shina la jembe kutoka juu ya bamba la bawaba na kuliweka chini yake. Mahakama iliamua kwamba mpangilio huo ulikuwa dhahiri. Kuna jambo ndani ya kesi hiyo ambalo kila mbunifu wa kasha angefaa kulikumbuka: faida ambayo mwenye hataza aliitegemea mahakamani, yaani jinsi shina linavyopinda kwa uhuru, haikuwa imeelezwa katika maombi yake. Ilionekana kuwa hoja ya baadaye. Kama mwinamo wa kifuniko unazuia mpira usiteleze gari linapotikiswa, hilo lazima liandikwe tangu ukurasa wa kwanza wa maombi, pamoja na sababu yake.

Kesi ya pili iko karibu zaidi, maana ilikuwa ya kipuri cha gari. Ni KSR dhidi ya Teleflex, iliyoamuliwa kwa kauli moja tarehe 30 Aprili 2007. Hataza iliyogombewa iliunganisha pedali ya mafuta inayoweza kusogezwa mbele na nyuma na kihisio cha elektroniki kilichofungwa kwenye sehemu ya pedali isiyosogea. Pedali za kusogezwa zilikuwepo. Vihisio vilikuwepo. Hata pedali yenye egemeo lisilosogea ilikuwa imeelezwa na mvumbuzi mwingine, Asano, lakini hati yake haikufika mbele ya mtahini hataza ilipokuwa ikichunguzwa. Mahakama ilisema kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia zinazojulikana, na kupata matokeo yanayotarajiwa, kwa kawaida ni jambo la dhahiri, na kwamba mtaalamu wa kawaida naye ana ubunifu wa kawaida. Yeye si mashine. Hataza ikafutwa. Kwa hiyo hataza iliyotolewa kwa sababu hati muhimu haikuonekana ni hataza inayosubiri kuvunjwa, na mara nyingi anayeivunja ni yule tajiri aliyeshtakiwa kwa kuikiuka.

Kipimo hiki kikiwekwa juu ya kasha letu, matokeo hayafurahishi mwanzoni. Kabari inayogeuza mwendo wa kushuka kuwa msukumo wa pembeni ni elimu ya kale ya mitambo. Mpira wa kuziba kwa ubavu unajulikana. Klipu zinajulikana. Mtahini ataweka hati mbili mezani na kusema kwamba mtaalamu angeziunganisha. Jibu la kweli la mbunifu haliwezi kuwa kwamba yeye alihangaika muda mrefu. Lazima lionyeshe kitu ambacho hati hizo hazikukitarajia.

Siku ileile ya kesi ya Graham, mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Adams kwa upande wa mvumbuzi. Adams alikuwa ameunda betri inayoamshwa kwa maji, yenye magnesiamu na kloridi ya shaba, vitu vilivyokuwa vikijulikana kimoja kimoja. Wataalamu hawakuamini kwamba ingefanya kazi, na maandiko ya wakati huo yalimwelekeza mtu mbali na njia hiyo. Betri ikafanya kazi kuliko ilivyotarajiwa, na hataza ikasimama. Tofauti kati ya betri ile na kibano kile ndiyo mbunifu wa kasha anapaswa kuitafuta katika kazi yake mwenyewe: je, wataalamu walikuwa wakiikwepa njia hii? Je, tatizo lilikuwa likijulikana kwa miaka bila kupata dawa? Je, matokeo yanazidi jumla ya vipande vyake?

Ofisi ya Hataza ya Ulaya hulipanga swali hilohilo kwa hatua: huchukua hati iliyo karibu zaidi na uvumbuzi, hutaja tofauti, huuliza tofauti hiyo inaleta athari gani ya kiufundi, kisha huuliza kama mtaalamu aliyetaka athari hiyo angefanya hivyo kweli, si kama angeweza tu. Njia hii inafaa sana kutumiwa na mbunifu mwenyewe nyumbani, kwa kuwa inamlazimisha kutaja athari. Rangi, ukubwa, au kuhamisha klipu kutoka kushoto kwenda kulia havina athari yoyote. Kubadilisha pembe kutoka nyuzi 10 hadi 12 nako huhesabiwa kuwa marekebisho ya kawaida, isipokuwa ithibitike kwamba katika pembe hiyo kunatokea jambo lisilotarajiwa.

Uthibitisho huo hupatikana maabarani. Kiwango cha kimataifa cha kupimia visafishaji vya hewa ya injini ni ISO 5011. Kasha hufungwa kwenye mtambo, hewa huvutwa kwa kasi inayojulikana, vumbi maalumu la majaribio humwagwa kidogo kidogo, na vitu vitatu hupimwa: ni sehemu gani ya vumbi imezuiwa, shinikizo la hewa limepungua kiasi gani kati ya mdomo na bomba, na kasha limebeba vumbi kiasi gani kabla ya kuziba. Kwa mfano wetu, jaribio lenye maana ni kulitikisa kasha kama linavyotikiswa na barabara ya makorongo, kisha kupima vumbi lililopenya pembeni mwa mpira, na kurudia vivyo hivyo kwa kasha lenye kifuniko cha kawaida. Kama tofauti ni ndogo na inaeleweka, hatua ya kivumbuzi ni dhaifu. Kama kasha la mwinamo linaziba vizuri zaidi kadiri linavyotikiswa, kwa sababu mtikiso wenyewe unakisukuma kichujio kwenye ukuta, hapo kuna jambo ambalo hati za zamani hazikulisema, na maombi yana mguu wa kusimamia.

Baada ya hapo huja madai, yaani sentensi zinazochora mpaka wa haki. Dai la kwanza la kasha hili lingeweza kusomeka hivi: Kasha la kuchuja hewa ya injini, lenye mwili, kifuniko na kichujio kinachoweza kutolewa, ambalo kifuniko chake kina ukingo ulioinama unaoingia katika mfuo ulio kwenye fremu ya kichujio, na ambalo, kifuniko kinapofungwa, ukingo huo hukisukuma kichujio kwa ubavu ili mpira wake wa kuziba ubanane na ukuta wa ndani wa mwili. Sentensi hiyo haitaji ulimi wa vumbi wala mdomo uliopindwa, na kuachwa kwake ni kwa makusudi. Kila sifa inayoongezwa kwenye dai hupunguza eneo la haki, kwa sababu mshindani anayeacha sifa moja tu huwa nje ya dai hilo. Kila sifa inayopunguzwa nayo hulisogeza dai karibu na yale yaliyokwisha kujulikana. Kulipata dai lenye upana wa haki ndiko ustadi wa mawakala wa hataza, na ndiyo gharama isiyofaa kubaniwa. Dai jingine linaweza kuandikwa kwa ajili ya kichujio chenyewe chenye mfuo, na kibiashara hilo mara nyingi ndilo lenye fedha: kasha huuzwa mara moja, kichujio hubadilishwa kila mara.

Tarehe inaweza kuharibu kazi hii yote. Kasha lililopangwa kwenye meza ya maonyesho ya Sabasaba, likaelezwa kwa wageni na kupigwa picha, limeshawekwa hadharani. Katika sheria ya Ulaya kitendo hicho cha mbunifu mwenyewe kwa kawaida huua upya moja kwa moja. Kenya na Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya kuwasilisha maombi baada ya kujitangaza mwenyewe, ila nafuu hiyo haivuki mpaka kwenda nchi zisizoitambua. Utaratibu salama ni kuwasilisha maombi kwanza. Chini ya Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, tarehe ya maombi ya kwanza hulindwa kwa miezi 12 katika nchi nyingine wanachama, na katika muda huo mbunifu anaweza kuonyesha, kuuza na kutafuta mtaji. Kwa Afrika Mashariki, maombi yanaweza pia kupelekwa ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, na kuzitaja Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kwa pamoja.

Kasha lisilofikia kimo cha hataza halikosi mlango. Kenya hutoa cheti cha modeli ya matumizi, ambacho hudai upya na matumizi bila kudai hatua ya kivumbuzi, na hudumu miaka 10. Kwa mabadiliko madogo yenye manufaa ya kweli, kama yale yanayotoka katika karakana nyingi za jua kali, huu ndio mlango unaofaa, na unatumiwa kidogo kuliko unavyostahili. Usajili wa umbo la kiviwanda hulinda sura ya kitu, si utendaji wake. Umbo lililolazimishwa na kazi tupu kwa kawaida hunyimwa. Umoja wa Ulaya umeongeza kizuizi kinachokigusa kifaa hiki moja kwa moja: sehemu ya bidhaa kubwa hulindwa tu ikionekana wakati wa matumizi ya kawaida, na matengenezo hayahesabiwi kuwa matumizi ya kawaida. Boksi linaloonekana tu boneti ikifunguliwa haliwezi kutegemea ulinzi huo. Siri ya biashara nayo haifai, kwa kuwa kila anayenunua kasha anaweza kulifungua kwa bisibisi.

Jambo la mwisho la kupima ni tofauti na upatikanaji wa hataza, ingawa watu huyachanganya. Hataza humpa mwenyewe uwezo wa kuzuia wengine. Haimpi ruhusa ya kutengeneza. Kama kasha la mwinamo linatumia pia mpira wa kuziba uliolindwa na hataza hai ya mtu mwingine katika nchi hiyohiyo, mbunifu atahitaji leseni hata kama kifuniko chake kina hataza yake. Upande wa pili wa kanuni hiyo una manufaa makubwa kwa viwanda vya Afrika Mashariki. Hati ya hataza iliyochapishwa Tokyo au Munich huondoa upya wa kasha kila mahali, lakini nguvu yake ya kuzuia huishia katika nchi ilikosajiliwa, na kila hataza hufikia siku ya kumalizika. Hataza ambayo haikusajiliwa Tanzania haimzuii mtu kutengeneza kasha hilo Tanzania na kuliuza humo. Utafutaji uleule uliofanywa kwa ajili ya kupima upya, ukisomwa pamoja na rejista ya nchi, unaonyesha ni makasha gani yanaweza kutengenezwa bila kumwomba mtu ruhusa.